Maswali ya Wasomaji: Jiwe la Zambarau Lenye Magamba

Katika toleo lililopita ukurasa huu uligusia kwa aya moja tu habari za lepidolaiti, ule ulanga (jiwe la majani membamba yanayobandukana) wa rangi ya zambarau wenye lithiamu ndani yake, na tangu hapo barua hazijakatika. Nimechagua tano ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi. Barua zilizouliza bei peke yake, bila hata kueleza jiwe lenyewe lilivyo, nimeziweka kando kwa sasa, kwa kuwa bei hupangwa kwa kitu kilichokwisha kujulikana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo, mkoani Dodoma. Nilipokuwa nachimba mashimo ya nguzo za shamba niliibua vipande vya jiwe la zambarau iliyopauka, vingine vikimeta kama sukari, vingine vikiwa na tabaka kama kurasa za daftari. Kijana mmoja aliyekuwa akipita na nyundo aliniambia kuwa ni ametisti. Jirani yangu naye anashikilia kuwa ni lithiamu tupu, kwa sababu jiwe ni jepesi. Nitaujuaje ukweli bila kutumia fedha nyingi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mahali ulipo ni mahali penye sababu nzuri ya kuuliza, maana pegmatiti za Hombolo, yaani ile miamba iliyoganda kutokana na uji wa moto ikaacha fuwele kubwa kubwa, zinafahamika kwa wanajiolojia kuwa na lithiamu, na lepidolaiti ni mojawapo ya madini yaliyokutwa humo. Lakini jiwe halithibitishwi kwa jina la kijiji lilikookotwa, kwa hiyo tulipime hilo ulilonalo mkononi.

Tuanze na yule kijana. Ametisti ni aina ya kwatsi, yaani lile jiwe gumu la kawaida ambalo mara nyingi huwa jeupe, na ugumu wake katika kipimo cha Mohs, kinachokwenda toka 1 hadi 10, ni 7, hivyo kipande chake huchora chupa ya kioo bila taabu, wakati ncha ya kisu haikifanyi kitu. Lepidolaiti ina ugumu wa kati ya 2.5 na 4, na msumari wa kawaida huiacha na mchirizi. Chukua wembe, uuweke kwenye ukingo wa kile kipande chenye tabaka, kisha usukume polepole sambamba na tabaka zenyewe. Kama ni ametisti, wembe utateleza na kupoteza makali. Kama ni ulanga wa aina yoyote, wembe utaingia baina ya kurasa na kunyanyua jani jembamba linalopitisha mwanga. Sasa likunje jani hilo kidogo kwa ncha ya sindano na uliachie: jani la ulanga hurudi lilivyokuwa, kama rula ya plastiki, ilhali jani la kloraiti, madini mengine yenye tabaka, ambalo nalo huwadanganya wengi, hukunjika na kubaki limekunjika.

Vile vipande vinavyometa kama sukari ndivyo vinavyosumbua, kwa sababu tabaka zake ni ndogo mno kwa wembe. Hapo tafuta kioo cha kukuzia, toka juani, na ulizungushe jiwe taratibu mbele ya jicho. Punje za kwatsi au za marumaru humeta ovyo ovyo, lakini punje za lepidolaiti kila moja ni kigamba bapa, nacho humeta mara moja kwa uso wake wote kisha kikazimika, kikafuata cha jirani yake, mfano wa magamba ya samaki yaliyotapakaa kwenye meza ya mchuuzi. Jina lenyewe limetoka huko: lepidolaiti limejengwa juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya gamba, na aliyeliweka ni mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth mwaka 1792, alipochunguza mawe ya Rožná, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Klaproth alilipasua jiwe hilo kikemia akaandika vilivyomo, na lithiamu ikampita, kwani elementi hiyo ilikuja kugunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson wa Uswidi, tena katika jiwe jingine liitwalo petalaiti.

Kuhusu wepesi, jirani yako amechanganya chuma na jiwe. Ni kweli kwamba hakuna metali iliyo nyepesi kuliko lithiamu, lakini katika lepidolaiti lithiamu ni sehemu ndogo iliyofungwa pamoja na silika, alumini, potasiamu na florini, na jiwe zima lina uzito wa mara 2.8 hadi 2.9 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Kwatsi ni 2.65. Yaani lepidolaiti safi ni nzito kidogo kuliko jiwe jeupe la kawaida, na mtu akikuambia analitambua kwa kulipima kiganjani, mshukuru na uendelee na shughuli zako. Kipimo cha kweli unaweza kukifanya na mizani ya jikoni ya kidijitali. Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme umepata gramu 312. Weka juu ya mizani bakuli la maji, rudisha hesabu kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikionyesha gramu 110, gawanya 312 kwa 110, utapata 2.84, na hilo ni jibu linaloridhisha. Ukipata 2.7, huenda ulanga wako umechanganyika na kwatsi au feldispa nyeupe, ambayo ni madini ya kawaida ya miamba, jambo ambalo ni la kawaida kabisa.

Limebaki suala la rangi, nalo ndilo nililotaka kukaa juu yake. Lithiamu haina rangi. Zambarau unayoiona huletwa na manganizi kidogo iliyojipenyeza katika jiwe, na ndiyo sababu ipo lepidolaiti ya kijivu, ipo nyeupe, ipo inayoelekea umanjano, na zote zikawa na lithiamu ya kutosha, na wakati huo huo upo ulanga mwingine wa waridi au wa zambarau usio na lithiamu ya kutajika. Mtu anayetembea porini akiokota cha zambarau na kutupa cha kijivu anaweza kuwa anatupa bora na kubeba hafifu. Katika kesi hii rangi ni shahidi dhaifu, na shahidi mwenye nguvu ni moto.

Nyofoa kipande chembamba cha jani, kisizidi ukubwa wa kucha ya mtoto iliyokatwa. Kishike kwa kibano, si kwa vidole, kwa sababu chumvi ya jasho hutia mwali rangi ya manjano na kuficha unachokitafuta. Kipeleke kwenye ukingo wa mwali wa gesi wenye nguvu, kama ule wa mafundi wa friji wanaoungia mabomba ya shaba. Lepidolaiti haichelewi: ukingo wake huyeyuka, hutoa povu, huvimba, kisha hujikusanya kuwa tone la kioo, na mwali unaopita juu yake hugeuka kuwa mwekundu wa damu ya mzee. Ulanga wa kawaida, yaani maskovaiti, hukaidi. Huwa mweupe, hupasuka tabaka, na kama utayeyuka basi ni kwenye kingo nyembamba kabisa, bila wekundu huo. Fanya jaribio hili nje ya nyumba, simama upande unakotoka upepo, na usikaribie kunusa, kwa maana florini iliyomo hutoka na mvuke usiofaa kuingia mapafuni. Kijipande kimoja kinatosha.

Ukirudi shambani, angalia pia majirani wa jiwe lako. Lepidolaiti mara nyingi haikai peke yake: pembeni yake hupatikana feldispa nyeupe yenye majani bapa, na pengine turmalini za waridi au za kijani, ambazo ni vijiti virefu vyenye mistari ya kwenda juu na ambavyo kisu hakivichori. Ukiona kijiti cha waridi kimezama ndani ya zambarau ya magamba, usikipige nyundo kukitoa. Jiwe la namna hiyo likiwa zima ndilo ambalo wakusanyaji hulipenda.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mchimbaji mdogo. Mnunuzi alikuja na kile kifaa wanachokiita bunduki, akakielekeza kwenye mzigo wangu wa ulanga wa zambarau, kikasoma manganizi, rubidiamu na vitu vingine, lakini lithiamu hakikuonyesha hata chembe. Akasema mzigo hauna kitu, akanipa bei ya kokoto. Je, alikuwa sahihi? – Mchimbaji, Morogoro

JIBU: Hakuwa sahihi, ama kwa kutojua au kwa kujua sana. Kifaa hicho hupiga jiwe kwa mionzi ya eksirei na kusoma mionzi inayorudi kutoka kwa kila elementi, na elementi nyepesi kama lithiamu hurudisha mionzi dhaifu kiasi kwamba hata hewa iliyo kati ya jiwe na kifaa huimeza. Bunduki ya aina hiyo haioni lithiamu kabisa, liwe jiwe tupu au liwe limejaa. Kusema mzigo hauna lithiamu kwa sababu bunduki haikuisoma ni sawa na kusema nyumba haina mtu kwa sababu umechungulia ukiwa umefumba macho.

Tena, yale yaliyosomwa na bunduki hiyo yangepaswa kumwamsha mnunuzi. Rubidiamu hupenda kukaa mahali pa potasiamu ndani ya ulanga, na katika pegmatiti zilizoiva vya kutosha kuzaa lepidolaiti huongezeka sana. Mwaka 1861 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliigundua elementi hiyo ndani ya lepidolaiti ya Saxony, Ujerumani, kwa kutumia spektroskopu, kifaa cha kuchambua rangi za mwanga, wakaiita rubidiamu kutokana na mistari yake ya wekundu uliokolea. Kwa hiyo ulanga wa zambarau wenye rubidiamu nyingi ni dalili ya kukupeleka maabara. Nasema dalili tu, sijasema uthibitisho.

Maabara ya kweli husaga sampuli, huiyeyusha, kisha hupima lithiamu kwenye mmumunyo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake Dodoma, inayo maabara ya kupima madini. Peleka sampuli inayowakilisha mzigo wote, badala ya kile kipande kizuri ulichokiweka dirishani, la sivyo utajidanganya mwenyewe kwa fedha yako. Utakaporudishiwa karatasi, uliza kama takwimu ni ya lithiamu yenyewe au ya oksidi yake, yaani lithiamu iliyoungana na oksijeni, kwa sababu wanunuzi huzungumza kwa oksidi, na takwimu ya oksidi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya lithiamu. Lepidolaiti nzuri aghalabu huwa na oksidi ya lithiamu asilimia 3 hadi 6 hivi. Spodumini, jiwe jingine lenye lithiamu, ambayo haina zambarau ya kuringia na mara nyingi hufanana na kuni kavu ya kijivu, hufika asilimia 8 ikiwa safi.

Nikuambie na jambo lisilopendeza. Lithiamu huuzwa kwa tani nyingi, na lepidolaiti ni ngumu zaidi kushughulikiwa kiwandani kuliko spodumini, hasa kwa sababu ya florini. Yapo maeneo yanayoitegemea, kama Yichun katika jimbo la Jiangxi nchini China, na Bikita ya Zimbabwe imetoa lepidolaiti pamoja na petalaiti kwa miongo mingi, lakini hiyo ni migodi yenye mitambo na miundombinu. Magunia kumi ya mchimbaji mdogo hayana nguvu sokoni kama yatakavyoonekana ukisikiliza redio. Pengine fuwele chache nzima nzima, zenye umbo, zikakulipa vizuri kuliko magunia hayo yaliyopondwa.

Kwa kuwa umetaja kuuza, hakikisha leseni yako ya uchimbaji mdogo ipo hai na kwamba mauzo yanapita katika soko la madini. Masoko hayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na mojawapo ya faida zake ni kwamba kuna macho zaidi ya mawili yanayotazama mizani. Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako ndiye wa kumwuliza kabla gunia halijaondoka, si baada ya kukamatwa njiani.

SWALI: Salaam kutoka Albuquerque, New Mexico, ambako ninaishi na familia. Wanangu wanapenda mawe, na shuleni wameambiwa kuwa huko milimani kuna mgodi wa zamani wa lepidolaiti ambao mtu anaweza kuutembelea na kuokota. Je, ni kweli? Na tukiokota cha zambarau, tutakuwa tumepata lepidolaiti? – Mama wa watoto watatu, Marekani

JIBU: Dada yangu, bila shaka wanazungumzia pegmatiti ya Harding, karibu na kijiji cha Dixon, kaskazini mwa jimbo hilo. Ni mgodi wenye historia ya kupendeza: karibu na mwaka 1920 ulichimbwa lepidolaiti iliyopelekwa viwanda vya vioo, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ukatoa madini ya tantalamu, metali adimu, kisha baada ya hapo berili, jiwe lenye metali ya beriliamu. Mwendeshaji wake, Arthur Montgomery, hatimaye aliuacha mikononi mwa Chuo Kikuu cha New Mexico, nacho kinautunza kwa ajili ya masomo na kwa wapenzi wa mawe. Ruhusa huombwa kabla ya kwenda, fomu ya kukubali kuwajibika kwa usalama wenu hutiwa saini, vifaa ni vya mkononi, na kinachochukuliwa ni kiasi kidogo cha mtu kujiwekea nyumbani. Taratibu hubadilika, hivyo wasiliana na chuo kwanza.

Swali lako la pili ni la busara kuliko la kwanza. Harding ni mahali ambapo rangi imewaaibisha watu wengi, kwa sababu pamoja na lepidolaiti halisi kuna maskovaiti ya waridi inayoelekea zambarau, inayong'aa vizuri, na lithiamu iliyomo ni kidogo. Ukiwawekea wanao vipande viwili mezani, kimoja cha hii na kimoja cha ile, huenda wakakichagua kile cha maskovaiti kwa sababu ndicho kinachopendeza zaidi. Usiwanyime raha hiyo; wape kazi. Kila mmoja anyofoe kipande kidogo cha jani la ulanga, wewe mtu mzima ushike kibano na mwali, nao wasimame mbali kidogo wakitazama ni kipi kitakachotoa povu na kuufanya mwali uwe mwekundu. Wakiwa huko mgodini watazame pia spodumini, mbao ndefu za kijivu zilizolala ndani ya kwatsi, nyingine zikizidi kimo cha mtu. Umri wa mwamba huo ni kama miaka milioni 1,300. Wavae miwani ya kukinga macho kabla ya nyundo ya kwanza, na wasiingie chini ya kuta zinazoning'inia.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amenunua bangili ya shanga za lepidolaiti. Aliyemuuzia alimwambia azitie kwenye maji ya kunywa usiku kucha, kwa kuwa lithiamu ni dawa ya kutuliza akili na hospitali huitumia. Je, kuna ukweli? – Mzazi, Dar es Salaam

JIBU: Kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza bangili. Ni kweli kwamba chumvi za lithiamu ni dawa. John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 juu ya wagonjwa wake waliotulia kwa dawa hiyo, na mpaka leo madaktari huitumia kwa maradhi ya akili yenye kupanda na kushuka kwa hisia. Lakini dawa hiyo ni chumvi inayoyeyuka, hutolewa kwa vipimo, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno.

Lepidolaiti ni jiwe la silika, na lithiamu yake imefungwa ndani ya tabaka hizo. Haiyeyuki kwa maji ya bilauri kulala usiku mmoja. Maji hayo hayatamtuliza mtu. Yanachoweza kumpa ni vipande vidogo vidogo vya ulanga vilivyobanduka, na rangi au gundi iliyotumika kuziimarisha shanga, kwani ulanga ni laini kiasi kwamba vitu vingi vinavyochongwa kutokana nao hunyweshwa gundi kwanza ili visimeguke. Binti aivae bangili yake akipenda, aivue anapoosha vyombo. Na kama kweli kuna usingizi unaokosekana au moyo unaosumbuka, apelekwe kwa daktari, asiongezewe shanga nyingine.

SWALI: Shikamoo. Nipo mwaka wa pili chuoni, Nairobi, nasoma jiolojia. Nimeanza mkusanyiko wa mawe na nina lepidolaiti kadhaa nilizopewa na marafiki kutoka Alto Ligonha nchini Msumbiji. Zinabanduka kila ninapozigusa. Nizisafishe na kuzihifadhi vipi? – Mwanafunzi, Kenya

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Alto Ligonha ni nyumba ya heshima katika mambo haya, na kama marafiki zako wamekuletea vile vitabu vya lepidolaiti, yaani fuwele zenye kurasa nyingi, vyenye pembe sita, basi unao urithi unaostahili uangalifu.

Kosa la kwanza la wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ni maji. Nilipokuwa na umri kama wako nilikiloweka kipande kizuri sana kwenye ndoo usiku kucha ili udongo mwekundu ulainike. Asubuhi udongo ulikuwa umelainika kweli, ila ulikuwa umeingia pamoja na maji baina ya kurasa, na kilipokauka kilifunguka kama Msahafu uliolowa mvua, kila ukurasa na mstari wake wa kutu. Kwa hiyo usiloweke. Anza na brashi laini ikiwa kavu, ile ya rangi za maji, ukisugua kufuata tabaka na kamwe si kwenda kinyume chake. Udongo unaobaki kwenye mianya utoe kwa kijiti cha mwanzi. Kama maji ni lazima, yawe machache, ya haraka, kisha jiwe lisimamishwe kwa ukingo juu ya kitambaa, kivulini, maji yachuruzike kwa kufuata kurasa. Asidi za kuondoa kutu ziache kwa wenye kwatsi. Ulanga huu huzipokea vibaya.

Zile zinazometa kama sukari, zisizo na kurasa, zinavumilia zaidi, na ndizo za kumwonyesha mgeni anayependa kushikashika. Vitabu vyenyewe viweke kila kimoja kwenye kisanduku chake, vikilala kwa ubapa juu ya pamba iliyofunikwa na karatasi laini, kwa maana nyuzi za pamba hujinasa kwenye kingo na siku ya kukitoa hutoka na ukurasa. Usivibane kwa mpira. Ukisafiri navyo kwenye matatu, viwe mapajani mwako na si kwenye buti.

Unapovunja jiwe ili kutafuta kipande kizuri zaidi, ambalo ni jambo ambalo sikushauri ulifanye chumbani, lilowanishe kwanza na uvae barakoa. Vumbi la kwatsi linaloambatana na lepidolaiti ndilo linaloua mapafu ya wachimbaji polepole, na halichagui mwanafunzi. Nyundo nayo usiipige juu ya lepidolaiti. Piga mwamba uliouzunguka, mbali kidogo, kwa tindo, kisha usogee polepole. Kama jiwe la jirani ni spodumini ya waridi, ile inayoitwa kunzaiti, ifungie gizani, kwa sababu jua huifubaza.

Kwa kuwa u mwanafunzi, nikuongezee jambo moja la kitaaluma. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa madini waliamua kuwa lepidolaiti si jina la spishi moja ya madini. Ni jina la kundi la ulanga wenye lithiamu nyingi uliopo kati ya spishi mbili, trilithionaiti na polilithionaiti, ambazo bila maabara huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kwenye kibandiko andika lepidolaiti bila aibu. Mhadhiri wako akikukosoa, mwambie atoe fedha za kipimo.

Na kibandiko chenyewe kiandike siku ile ile unayopokea jiwe: mgodi, wilaya, nchi, aliyekupa, tarehe, na mawe yaliyokuwa yameambatana nalo. Tia tone dogo la rangi nyeupe mahali pasipoonekana, liandikwe namba kwa wino, na namba hiyo hiyo iwe kwenye daftari, kwa maana karatasi hutengana na jiwe lake mapema kuliko mtu anavyodhani. Hapa mezani pangu kipo kipande cha zambarau iliyokolea kama ganda la biringanya, kina turmalini mbili za waridi, ni kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Kilinifikia kikiwa kimefungwa kwa gazeti, bila neno lolote juu ya kilikotoka, na aliyenipa amekwisha kusahau. Nakitumia kuzuia barua zenu zisipeperushwe na feni.